Mtoto Tuliyemwimbia ni Wetu

Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Jubilei ya Miaka 25



Mheshimiwa Kasisi, wazee wa kanisa, Mwenyekiti wetu, kina mama, kina baba, vijana, na ninyi wageni mliovuka daraja au feri kuja kushangilia nasi: karibuni sana Kisauni. Sisi wanakwaya tunawashukuru kwa sala, kwa michango, na kwa kutuvumilia siku zile kinanda kilipogoma katikati ya wimbo.

Katika ibada ya leo, kabla ya mambo ya keki na picha, mmeona mtoto akibatizwa. Alilala fofofo mpaka maji yalipomgusa kichwani, kisha akalia kwa nguvu hata mwalimu wetu wa kwaya akanong'ona kwamba sauti ya kwanza tumeshaipata. Nyanya ya mtoto huyo anaimba sauti ya pili tangu kwaya hii ianze. Mama yake tulimlea kwenye mazoezi ya Jumamosi, akilala juu ya kanga pale sakafuni huku sisi tukirudia ubeti uleule mara kumi. Leo naye ameleta wake. Kwa hili tunasema, Mungu ametutendea mema.

Lakini siku ya jubilei ni siku ya kuhesabiana pia, na sisi wanakwaya tuna jambo la kukiri mbele yenu.

Miaka michache iliyopita tuliitwa kuimba kwenye mazishi ya kijana wa miaka 17 wa mtaa wetu. Alikuwa ameingia katika kundi baya, na usiku mmoja hakurudi nyumbani. Tuliimba vizuri siku ile, sauti zote nne zikakaa sawa. Tulipomaliza, mama yake akaja kutushika mikono mmoja mmoja, akasema, "Asanteni wanangu. Hata siku ya ubatizo wake ni ninyi mliomwimbia."

Tukatazamana. Hakuna aliyekumbuka. Tulikuwa tumemwimbia mtoto yule mara mbili, mara ya kwanza na mara ya mwisho, na kwa miaka yote ya katikati hatukujua hata jina lake. Tulipanda matatu tukarudi nyumbani bila mtu kusema neno.

Mama yule hakutulaumu. Tulijilaumu wenyewe, kwa sababu siku ya ubatizo wazazi hawaulizwi peke yao. Wazazi wa ubatizo huulizwa, na kanisa zima huulizwa kama litasaidia kumlea mtoto katika imani. Sote hujibu kwamba tutafanya hivyo, na sisi wa kwaya hujibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Halafu tunafungua ukurasa wa wimbo, na baada ya wimbo tunakwenda kula pilau.

Wazee waliotutangulia hapa Kisauni walilijua jambo hili. Wamisionari wa CMS walipoanzisha Freretown mwaka 1875, watu wengi walioletwa hapa walikuwa wametolewa kwenye majahazi ya watumwa, na miongoni mwao walikuwamo watoto wasio na baba wala mama wa kuwashika mkono. Kanisa ndilo lililokuwa baba na mama yao. Kengele iliyoipa Kengeleni jina lake bado ipo pale kando ya barabara. Tunaipita kila siku tukiwa na haraka ya kwenda mjini.

Tumkumbuke William Jones. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akalelewa na misheni kule Nasik, India. Alirudi pwani yetu akiwa mtumishi wa kanisa, na mwaka 1885 Askofu James Hannington akampa ushemasi. Mwaka huohuo alifuatana na askofu katika ile safari ya kuelekea Uganda, ambayo askofu hakurudi. Mtoto huyu hakukuzwa na waliomzaa. Alikuzwa na watu waliokubali kwamba ni wao.

Tutazame pia majirani zetu Waislamu. Kila alasiri tunawaona watoto wao wakielekea chuoni, wametoka shule wamechoka, lakini wanakwenda. Sisi tunampa mtoto saa moja ya sande skuli, na mvua ikinyesha hata hiyo tunamsamehe. Kisha akifikia ujana tunashangaa kwamba hataki kanisa.

Baadhi yetu ni walimu, na darasani tumejifunza kwamba mtoto hufuata anachokiona zaidi ya anachoambiwa. Mtoto anayetishwa kila mara kwamba Mungu atamchoma hujifunza kumkwepa Mungu kama anavyomkwepa mwalimu mkali. Lakini anayemsikia mama akiimba akiosha vyombo, anayemwona baba akimwomba jirani msamaha, huyo amefundishwa bila kiboko. Timotheo alikuwa na nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Na tusimsahau Eli, aliyemlea Samweli vizuri hekaluni huku wanawe mwenyewe wakipotea. Sisi tunaokesha kwenye mazoezi, habari hiyo inatuhusu.

Kwa hiyo, katika kikao chetu cha maandalizi tuliamua jambo moja, nalo tunalitangaza leo ili mtushike nalo. Katika daftari la kwaya, nyuma ya orodha ya mahudhurio, tumeanza ukurasa wa watoto. Kila mtoto tutakayemwimbia akibatizwa ataandikwa jina, na mbele yake jina la mwanakwaya mmoja. Hatuchukui nafasi ya wazazi wa ubatizo. Kazi ya mwanakwaya huyo ni kumjua mtoto: kumsalimu kwa jina lake, kumtembelea kila mwaka siku ya ubatizo wake, kuuliza akikosekana Jumapili mbili, na kumfuata zaidi atakapofika ule umri ambao vijana huanza kukaa vibarazani hadi usiku. Mwanakwaya akihama, atamkabidhi mwenzake kabla ya kuondoka.

Jina la kwanza katika ukurasa huo tuliliandika asubuhi hii, wino haujakauka vizuri. Wengine ambao tuliwaimbia zamani tutawatafuta, nanyi wazazi mtusaidie kuwakumbuka. Mkituona tumelala, tuamsheni.

Mungu ambariki mtoto wetu, awabariki wazazi wake, na aipe kwaya hii miaka mingine 25 ya kuimba na ya kulea.