Zebaki na Mtoto Aliye Tumboni

Mazungumzo ya afya kwa wajawazito, waume zao na wachimbaji dhahabu



Katika migodi midogo ya Nyatike, Kaunti ya Migori, na ya Ikolomani kule Kakamega, wanawake wengi hupata riziki kwa kusaga na kuosha mawe ya dhahabu. Zebaki, au mekyuri kama wengi wanavyoiita, huchanganywa kwa mikono ili ishike chembe za dhahabu. Kisha donge huchomwa, wakati mwingine kwenye jiko lile lile la kupikia ugali. Dhahabu hubaki, zebaki hupaa ikiwa mvuke usio na harufu. Mjamzito akiuvuta, huingia mapafuni, ukafika kwenye damu, ukavuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto.

Kuna njia nyingine mbili. Maji ya kuoshea dhahabu yakifika mtoni au ziwani, vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi inayojilimbikiza kwenye samaki, hasa wakubwa wanaokula wenzao. Vilevile, baadhi ya krimu za kujichubua zina zebaki, nayo hupenya ngozini.

Madhara yake yalionekana wazi Minamata, Japani. Kiwanda kilimwaga maji yenye zebaki baharini, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa miongoni mwa walaji wa samaki. Wakati huo iliaminika kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto na sumu. Lakini walizaliwa watoto wenye viungo vilivyokakamaa, wasioweza kuketi wala kusema, ilhali baadhi ya mama zao walikuwa na dalili ndogo tu. Sumu ilikuwa imekwenda kwenye ubongo wa mtoto unaokua. Kwa hiyo, mama kujisikia mzima si ushahidi kwamba mtoto yuko salama.

Ubongo ukishaharibika hivyo, hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Kinga ndiyo tiba.

Mkono mtupu haulambwi, na hakuna anayemwambia mama aache kutafuta. Lakini katika kikundi kazi hugawanywa: mjamzito na anayenyonyesha wapewe kazi iliyo mbali na zebaki na mahali inapochomwa. Uchomaji usifanyike nyumbani wala kwenye sufuria ya chakula. Ufanyike nje, mbali na watu, kwa kifaa kinachonasa mvuke. Akina baba, nguo za kazi zibaki nje, wala zisifuliwe pamoja na za mtoto.

Samaki wasiachwe, kwani wana lishe. Mjamzito achague omena na samaki wadogo kuliko mbuta mkubwa. Krimu isiyoonyesha viungo vyake isinunuliwe.

Kliniki ya wajawazito ianzwe mapema, na mama amweleze muuguzi wazi kwamba yeye au mumewe anashika zebaki. Asiache kunyonyesha kabla ya kupata ushauri. Mtoto asiyekaza shingo akifika miezi minne, au asiyeketi mwenyewe akifika miezi tisa, apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Huyo hajarogwa, na mama yake hana laana. Anahitaji kupimwa na kusaidiwa mapema.