Mtoto Akipona Degedege, Tusimwache Hapo

Maneno tuliyosema kwa vikundi vya kujisaidia, Msambweni



Leo hatukuja na habari ya mikopo. Tumekuja na habari ya mtoto mmoja. Alipokuwa na miaka 5 alishikwa na malaria iliyopanda kichwani. Akapata degedege, akazimia siku mbili. Alipopona tulipika pilau, tukasema yamekwisha.

Kumbe hayakwisha. Sasa yuko Gredi ya 3. Ukimtuma chumvi na kiberiti, hurudi na kimoja. Aliyosoma asubuhi, jioni yametoka. Amechapwa, ameitwa mvivu na mkaidi. Hata sisi tulimwambia mamake asimdekeze. Tulikosea sana.

Ni kitu gani hiki? Wengine husema ni nyuni. Ukweli ni kwamba vijidudu vya malaria huingia katika damu, na chembe zenye vijidudu hunata katika vijishipa vidogo vya ubongo. Damu haipiti vizuri, ubongo huvimba, sukari mwilini yaweza kushuka. Homa huondoka, lakini jeraha laweza kubaki ndani ya kichwa, mahali ambapo jicho halioni.

Jambo hili limepimwa. Huko Kampala, watafiti wa Hospitali ya Mulago waliwafuata watoto wa miaka 5 hadi 12. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba, miaka 2 baada ya malaria ya kichwa, watoto 26 hivi katika kila 100 walikuwa na upungufu wa kufikiri. Kwa wenzao wa mitaa ile ile ambao hawakuugua, walikuwa 8 hivi. Hapa pwani, watafiti wa Kilifi waliona pia shida za kusema, na wengine walipata kifafa. Hata watoto waliopona saratani ya damu, wakiwa wamepigwa mionzi ya kichwa, baadhi yao hupata ugumu kama huu wa kukumbuka na kujifunza. Kupona ni jambo moja, kurudi kamili ni jingine.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuzuie. Mtoto alale ndani ya chandarua. Akipata homa, apimwe siku ile ile. Akishikwa na degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, mkimbize hospitali. Sindano ya atesuneti huokoa maisha zaidi kuliko kwinini ya zamani, lakini haimngojei aliyecheleweshwa.

Pili, aliyepona afuatwe. Mwambie mwalimu aliugua nini. Aketi mbele. Apewe neno moja kwa wakati mmoja, alirudie kwa mdomo wake. Apimwe masikio na macho. Akianguka tena bila homa, arudishwe hospitali.

Tatu, fimbo iwekwe chini. Fimbo haijengi ubongo. Serikali iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Nasi tuviondoe nyumbani.

Yule mtoto sasa hutumwa kitu kimoja kimoja. Bado husahau. Lakini hajifichi tena nyuma ya nyumba akisikia jina lake likiitwa.

Ya kuzungumza katika kikundi:
1. Katika kijiji chetu, ni watoto gani waliwahi kupata degedege? Leo wanaendeleaje masomoni?
2. Usiku wa manane, nani ana pikipiki ya kumpeleka mgonjwa? Kikundi kitachanga nauli vipi?