Mashine Bila Wataalamu ni Mzigo



Mwenye duka hapa Ngarenaro anapotoa risiti ya mashine ya kodi, taarifa za mauzo husafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayohifadhi kumbukumbu za mashine nyingi. Makampuni ya nje sasa yanawatangazia wafanyabiashara wetu seva mpya zenye nguvu zaidi. Kabla ya kushangilia, tukumbuke tulikotoka.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine ilikuwapo, lakini wataalamu wazalendo walikuwa haba. Hesabu zikavurugika, hasara ikawa kubwa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Hazina ilisalimika, lakini elimu yetu ya mitambo hiyo ilicheleweshwa.

Kosa halikuwa kununua mashine, bali kuinunua kabla ya kuwaandaa watu. Mfanyabiashara asiye na mtu wa kuitunza seva yake amekabidhi siri za wateja kwa fundi asiyemjua, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamwajibisha yeye.

Ndugu walimu, fundi huyo yumo darasani mwenu. Mwandaeni sasa.