Kabla ya Kutuma Picha ya Kitambulisho
Hotuba kwa wakazi wanaoomba basari kwa njia ya mtandao



Mzazi anaweza kujaza fomu ya basari vizuri, kisha ombi likakwama kwa sababu nambari ya kitambulisho haisomeki kwenye picha. Kosa hilo linaweza kuzuiwa.

Picha ya simu ni safu za vinukta vya rangi viitwavyo pikseli. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Ikipunguzwa hadi 2000 kwa 1500, hubaki milioni 3, yaani robo. Zilizoondolewa hazirudi. Picha ikikuzwa tena, herufi huwa kubwa lakini zenye ukungu.

Kwa hivyo, kwanza mwombaji atengeneze nakala, picha asili isiguswe. Pili, nakala inyooshwe, kisha ikatwe kandokando. Meza na vidole vitoke, ibaki kadi pekee. Tatu, ikiwa ina giza, iongezwe mwanga kidogo. Mwisho, ndipo ipunguzwe kufikia kiwango kinachotakiwa na fomu, na ihifadhiwe mara moja tu, kwani faili ya JPEG hupoteza ubora kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya.

Kabla ya kutuma, picha ifunguliwe na isomwe. Mwenyewe akishindwa kuisoma nambari yake, karani naye atashindwa. Hapo arudi kwenye picha asili aanze upya. Ndiyo sababu iliwekwa.