Maji Laini ya Ndakaini

Msikilizaji wa Nairobi, kabla hujanunua mtambo wa kulainisha maji, chungulia birika lako. Maji ya mfereji kutoka bwawa la Ndakaini tayari ni laini: sabuni hutoa povu upesi, birika halishiki ukoko mweupe. Mtambo huo hauui viini vya maradhi. Pesa hizo ziokoe. Ukikerwa na harufu ya klorini, chujio la mkaa linatosha, mradi ulibadilishe kwa wakati. Tangi la paani lisafishwe, na maji ya kunywa yachemshwe.

Lakini lori likikuletea maji ya kisima, hayo ni mengine kabisa. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi, inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoi. Hapo tafuta chujio la utando, linalosukuma maji kwa shinikizo.