Kuhamia Kalemie ao Kubaki Kijijini: Tupime Kwanza

Mazungumzo haya yalitolewa na mwanachama mwenye kuishi Kalemie, mbele ya mkutano wa chama hapa Baraka. Tunayaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Komite imeniomba niseme juu ya neno moja. Jamaa nne za chama zimeomba mkopo wa sanduku ili wahamie Kalemie. Kuko wenye kusema tuwape. Kuko wenye kusema sanduku si la kutawanya watu. Mimi nakaa Kalemie, mwaka wa sita huu. Sikuja kumwambia mtu ahame, wala kumkataza. Nimekuja kuweka mambo kwenye mizani, halafu ninyi mtaamua.

Kwanza tukumbuke tumetoka wapi. Wengi wetu tulikaa Nyarugusu, ile kambi iliyofunguliwa 1996, na wengine Lugufu. Wengine walivuka na mashua za HCR kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka kuanzia 2005, wengine walikuja nyuma, kwa nguvu zao wenyewe. Sasa wazee wanalalamika: “Hawa watoto hawapendi jembe.” Lakini wazee wangu, Nyarugusu ilikuwa na watu zaidi ya 100,000. Ile haikuwa kijiji, ilikuwa mji usiokuwa na meri. Mtoto aliyezaliwa kule amejua soko, foleni, shule ya karibu na kelele ya watu. Kulima nje ya kambi ilikuwa kukatazwa. Basi akitamani mji, si uvivu tu. Anatafuta maisha anayoyajua.

Kalemie ni mji wa katikati. Si Lubumbashi, si Kinshasa. Na pikipiki moja unafika kila pahali, na nyuma ya mwaka mmoja watu wa kartie wanakujua jina. Tangu 2015 njo makao makuu ya jimbo la Tanganyika. Maofisi ya serikali yako pale, tribinali iko, hopitali kubwa iko, shule za sekondari ziko nyingi, na chuo kikuu kiko. Shule ya msingi ya serikali haina malipo kwa nchi yote tangu 2019, hata kijijini. Lakini mtoto akimaliza msingi, kijijini anakwenda wapi? Hapo mji unashinda.

Tena kuko bandari na reli. Bidhaa zinatoka Kigoma, zinashuka Kalemie, zingine zinaendelea kwa treni. Sisi wenye kurudi tuko na kitu ambacho wengine hawana: tunajua Kigoma. Tunajua kuongea na mfanyabiashara wa kule, tunajua bei zao na hesabu zao. Kuko mama zetu wenye kuuza ndakala na unga kule Kalemie, na wateja wanawapenda sababu wanapima vizuri. Lugha nayo si shida, ni Kiswahili cha ziwa, sawa na hapa.

Hiyo ni upande mmoja wa mizani. Sasa upande wa pili.

Mjini kila kitu ni franga. Kijijini unakata sombe nyuma ya nyumba, unaokota kuni, unachota mayi mtoni. Kalemie sombe unanunua, makala unanunua, na kwa kartie nyingi mayi pia unanunua kwa bido. Umeme unatoka Bendera, lakini usipange kazi yako kama vile utakuwako kila siku. Mtu anayesema “kule nitapata franga nyingi” asisahau kuhesabu zile zitakazotoka.

Kazi nayo. Viwanda vya zamani, kama kile cha nguo, vimekufa. Tena vita vya upande wa Nyunzu na Manono vilileta wadeplase wengi kando ya mji. Wote wanatafuta kibarua: kubeba mizigo, kufyatua matofali, kufua nguo. Watu wakiwa wengi, malipo yanashuka. Kijana anayekwenda bila ufundi na bila mtaji anaingia kwenye mstari ule ule, na yeye ni wa mwisho.

Jambo lingine ni ziwa. Mayi ya Tanganyika yanatoka kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga, palepale Kalemie. Mvua ikizidi, ziwa linapanda polepole na linachelewa kushuka. Mwaka wa 2024 mmeona wenyewe, hapa Baraka, Uvira na Kalemie, nyumba za kando ziliingia mayi. Sasa, mgeni asiyekuwa na franga nyingi anaonyeshwa nyumba gani? Ile ya bei ndogo. Na ya bei ndogo iko chini, karibu na mayi, ao pembeni ya mto. Na kolera nayo inapenda pahali pale pale. Kabla ya kutoa garanti, uliza majirani: 2024 mayi yalifika wapi? Wakuonyeshe alama ukutani.

Juu ya garanti, mjue sheria. Sheria ya 2015 juu ya nyumba za kupanga inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Wenye nyumba wengine wanaomba zaidi. Lipa mbele ya mashahidi, na udai karatasi yenye saini. Tufanye mfano: nyumba ikiwa dola 30 kwa mwezi, garanti ni dola 90 kabla hujalala usiku wa kwanza. Ongeza mashua, ongeza chakula cha miezi mitatu mpaka kazi ishike. Kama mkopo hautoshi mpaka hapo, tusiutoe, sababu tutakuwa tumemtuma mtu kwenda kuteseka na deni juu.

Sasa nafika kwa neno kubwa: shamba.

Nasikia jamaa mbili kati ya zile nne wanataka kuuza mashamba yao ili wapate mtaji. Ndugu zangu, sisi wote tunajua ilivyokuwa tuliporudi. Tulikuta watu wengine wanalima pale tulipoacha. Kuko waliokaa miaka mbele ya wazee na mashefu wakibishana juu ya mpaka wa mti ulioanguka. Vita vilitutoa kwa shamba kwa nguvu. Tusijitoe sasa kwa mkono wetu. Shamba likiuzwa, na biashara ya Kalemie ikianguka, mtu huyo atarudi wapi? Atakuwa mkimbizi mara ya pili, na safari hii HCR hawatakuja na mashua.

Lakini kuliacha bure pia ni hatari. Shamba lisilolimwa linapata mwenye lingine. Njo maana nashauri: mpe ndugu ao jirani alilime, mwandike karatasi mbele ya shefu wa kijiji na mashahidi wawili, iseme wazi ni kukopesha, si kuuza. Kila msimu aliyekopeshwa akuletee kitu kidogo, hata gunia moja la muhogo. Gunia lile ni chakula, na tena ni ushuhuda kwamba shamba lina mwenyewe.

Basi, ninaomba mkutano upime masharti haya matano kwa kila mkopo wa kuhama. Moja: mmoja wa jamaa aende kwanza, akae miezi 3, wengine wabaki wakilima. Mbili: shamba lisiuzwe, na karatasi ya kulikopesha ionyeshwe kwa komite. Tatu: mume na mke wote wawili wasaini. Mama akikataa, mkopo unangoja. Ine: mwenye kuhama aonyeshe kazi ao ufundi atakaoufanya, hata kama ni kushona ao kuuza ndakala. Tano: akifika Kalemie ajiunge na wanachama walioko kule, alipe mchango kama wengine, maana mjini ukifiwa bila watu, ni msiba mara mbili.

Mwenye kukubali masharti haya tumsindikize kwa moyo mmoja. Mwenye kubaki naye asichekwe, sababu ni yeye atakayetulisha bei ikipanda mjini. Chama hiki kilianza kwa kusaidiana kurudi. Kama sasa kitasaidia watu kuondoka, kihakikishe mlango wa kurudi unabaki wazi.

Nimemaliza. Maulizo yako yenu, na nyuma ya maulizo, komite itapitisha kura.