Kuokoa Konekta za BNC kwenye Osiloskopu za Zamani



Mara nyingi osiloskopu ya zamani hupelekwa stoo eti imekufa, kumbe saketi zake ni nzima. Imeharibika mlangoni tu, kwenye konekta ya BNC ambako waya wa kupimia huchomekwa. Tektronix 465, iliyotoka mwaka 1972, bado hupima mawimbi hadi megahezi 100. Kuitupa mashine kama hiyo kwa sababu ya konekta kunaniuma.

Kabla ya kulehemu chochote, tafuta palipokatika. Mbele ya mashine pana sehemu inayotoa mawimbi ya mraba ya takriban kilohezi 1. Yapeleke kwenye konekta, kisha isukume pembeni taratibu kwa kidole. Mstari ukirukaruka kwenye kioo, angalia kama konekta yenyewe inazunguka. Ikizunguka, nati imelegea: kila aliyefunga waya ameizungusha konekta nzima, hadi kijiwaya cha nyuma kikachoka na kukatika. Ukikaza nati kwa mbele bila kuishika konekta kwa nyuma, utamalizia kukikata kilichobaki. Zima, chomoa umeme, hakikisha kapasita zimeishiwa chaji, maana ndani mna volti maelfu, ndipo uguse chochote.

Kijiwaya kipya kiwe kifupi kama cha awali. Ingizo la 465 limepangwa kwa megaomu 1 na pikofaradi zipatazo 20. Waya ukirefuka, hesabu hiyo huvurugika na kingo za mawimbi hupotoka. Wakati wa kulehemu pini ya katikati, chomeka BNC dume upande wa mbele. Plastiki ikilainika kwa joto, dume hilo huishikilia pini isipinde, na pia hunyonya sehemu ya joto. Tumia ncha yenye moto wa kutosha, ugusishe kwa muda mfupi. Ncha baridi inayokaa muda mrefu ndiyo huyeyusha plastiki.

Kwenye mashine za zamani zaidi, za mfululizo wa 500 wa Tektronix, waya hulehemewa kwenye vipande vya kauri vyenye vijibonde vilivyopakwa fedha. Hapa lehemu ya kawaida ni adui: bati lililomo huila fedha hiyo, na lehemu haishiki tena kwenye kauri. Inatakiwa lehemu yenye fedha kama asilimia 3. Watengenezaji walilijua hilo, wakaweka kifundo kidogo cha lehemu hiyo ndani ya mashine yenyewe. Ukikikuta, tafadhali kiache hapohapo kwa ajili ya fundi ajaye.

Tundu la katikati nalo hulegea, hasa pale wanafunzi wanapochomeka ncha za multimita au waya mtupu. Vidole vyake virudishwe ndani kidogo kidogo kwa sindano, ukijaribu kwa dume kila mara. Usivipige tupa: baadhi ni shaba yenye berili, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Weusi juu ya fedha ufute kwa spiriti na pamba. Hata ukibaki kidogo, uache, usikwangue.

Jambo moja sitalilegezea: ganda la BNC limeungwa na ethi ya umeme wa ukutani. Asiwepo fundi wa kuikata ethi hiyo ili kupata kipimo.

Konekta ikishapona, ifungie adapta ya BNC mbele na uiache hapo daima. Wanafunzi watailegeza adapta, na hiyo hubadilishwa bila kufungua mashine.